Kwaya ya Palokia

Baba yangu ni mwalimu wa kwaya, na miaka ya karibuni macho yamemwacha. Anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu aliyesimama hapo, basi. Lakini nyimbo aliendelea kutunga, kwa sababu programu yake ya kuandikia nota haikumdai macho. Unabonyeza herufi, nota inakaa kwenye mstari wake na kompyuta inaipiga papo hapo. Ukikosea, unasikia. Mama, alipokuwa hai, alidondosha rangi ya kucha juu ya herufi chache za kibodi ili vidole vya mumewe vijue pa kuanzia. Matone yale mekundu yapo mpaka leo, magumu kama vipele.

Kagongwa ni mji wa mchele. Nyumba yetu iko jirani na mashine za kukoboa, na mashine zikiwashwa kwa pamoja, umeme unayumba. Kompyuta ya baba ilivumilia kuliko nilivyotegemea, kisha mchana mmoja ikazima na haikuwaka tena. Fundi wa Kahama aliziokoa nyimbo zote, ila kompyuta yenyewe alinirudishia huku akitikisa kichwa.

Kaka yangu, anayefanya kazi mgodini huko Geita, akaleta kompyuta mpya pamoja na programu mpya ya nota. Programu nzuri kweli, kwa mwenye macho. Kila kitu ndani yake ni kipicha cha kubofya kwa kipanya. Baba alihangaika na kile kipanya asubuhi yote, kisha akakiweka mezani taratibu.

"Wabeja, ng'wanone," akamwambia kaka. Asante, mwanangu. Aliisema kwa sauti anayoitumia akiletewa chakula asichokitaka.

Baada ya hapo akanyamaza, na kimya hicho ndicho kilichoniogopesha. Baba ni mtu wa kuimbaimba: akinawa anaimba, akitafuta kiatu kilichopotea chini ya kitanda anaimba. Sasa alikaa barazani akisikiliza mashine za mpunga. Wimbo aliokuwa anautunga kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya mama ulikuwa umekwama katikati. Sauti ya kwanza na ya pili zilikuwa tayari. Ya tatu na ya nne hazikuwa na hata nota moja. Wikiendi nilizokuja kumtazama nilimwona baba anazeeka mbele yangu, nikakasirika, na mimi nikikasirika sikai chini.

Shule zilipofungwa nikatoka Shinyanga mjini, ninakofundisha Kiswahili sekondari, nikaja nyumbani na nia moja: programu ya zamani itafanya kazi kwenye kompyuta mpya, ipende isipende. Sidii yake ilikuwepo kabatini, imeviringishwa kwenye kitambaa cha mama. Kompyuta mpya haina pa kuingizia sidii, nikaazima kisomeo steshenari. Nilipoiweka, kompyuta ikasema programu hii ni ya kale mno. Nikatafuta mtandaoni mpaka nikajua kwamba kuna mahali unaweza kuiambia kompyuta ijifanye ya zamani. Nikaiambia. Ikajifanya.

Hapo programu ikafunguka na kuuliza maswali mawili: namba ya usajili, na jina la aliyeisajili. Namba ilikuwa imeandikwa juu ya sidii kwa wino mzito.

"Baba, uliisajili kwa jina gani?"

"Kwaya ya Palokia."

Nikaandika Kwaya ya Parokia. Ikakataa. Nikaandika kwa herufi kubwa, ikakataa. Nikaondoa nafasi kati ya maneno, nikaongeza jina la mji, nikajaribu jina lake mwenyewe. Yote ikakataa. Nikawaandikia walioitengeneza, wakajibu kwa adabu kwamba toleo hilo wameshaachana nalo, ninunue jipya. Hilo jipya ndilo alilolileta kaka, lilikuwa pale pale mezani, halina faida kwetu.

Kila nilipomuuliza tena baba, jibu lilikuwa lile lile.

"Si nimekwambia? Kwaya ya Palokia."

"Ndivyo ninavyoandika, baba."

"Basi kompyuta hii ina kibuli."

Ina kiburi, nikamsahihisha, kama kawaida yangu. Kwetu Usukumani r ni mgeni. Inakaribishwa mdomoni ikiwa tayari imegeuka l. Mimi nimeshalipwa mshahara miaka mingi kwa kuwinda kosa hilo kwa kalamu nyekundu, na baba ndiye mwanafunzi wangu sugu kuliko wote.

Mwishowe akachoka kunisikia nikigonga meza. Akanyanyuka, akapapasa mpaka akakifikia kiti changu.

"Niachie."

Nilikuwa nimeichomeka kibodi yake ya zamani. Vidole vyake vikayatafuta matone ya mama, vikatulia juu yake, kisha akaandika polepole, herufi moja moja, midomo ikimchezacheza. Programu ikafunguka. Nikaangalia kwenye kioo: Kwaya ya Palokia. Masikio yangu yalikuwa yakilisahihisha neno lile kabla halijafika vidoleni mwangu. Nilicheka hadi nikalia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa kucheka tu.

Yeye hakuwa na habari nami. Alikuwa ameshafungua wimbo wa mama na anaitafuta sauti ya tatu, akiifuatisha kwa koo. Niliporudi kutoka jikoni na chai, alikuwa bado anaimba.

Wimbo ulikamilika kabla ya misa. Nikauchapa kwa printa ya shule, na hapo likaonekana jambo ambalo printa ya baba ilikuwa ikilificha kwa kumeza mstari wa mwisho: chini ya kila ukurasa programu inaandika jina la mwenye nayo. Mwenyekiti wa kwaya aliishika nakala yake, akasoma mpaka chini, akanitazama kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwalimu.

"Mwalimu wa Kiswahili mzima! Palokia? Hili limekupitaje?"

"Halijanipita," nikamwambia. "Nikiligusa, baba atanyamaza."