Anayemjibia Mwenziwe Ataosha Vikombe

Mama yangu alipatwa na kiharusi nyumbani kwetu Ghubra, hapa Maskati, akiwa anachambua mchele, na kutoka siku hiyo hakusema neno hata moja. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, mguu baadaye ukarudi kidogo, akili ikabaki nzima. Hilo la akili ndilo lililokuwa likiniua. Ningemtazama machoni nikaona kabisa kwamba anajua anachotaka kusema, na mimi, niliyefundisha skuli miaka ishirini na sita, nisiweze kumtoa neno moja kinywani.

Daktari alituambia kwamba maneno yakirudi hurudi zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Mwezi wa tano ulipoingia nilikuwa kama mwehu. Nilimwonyesha kijiko nikamwuliza hiki nini. Nilimwonyesha picha ya marehemu baba nikamwuliza huyu nani, jambo ambalo mpaka leo nalionea haya. Alikuwa akifungua mdomo, akihangaika, na kabla hajafika popote mimi nimeshamtamkia. Kaka yangu, anayekaa Darsait na kuja kwetu kila Ijumaa, alikuwa akiondoka mezani kwenda kusimama barazani.

Hospitali kulikuwa na bibi mmoja mtaalamu wa matamshi. Aliniambia wako watu waliopoteza mazungumzo lakini nyimbo zikabaki, akaniuliza mama yangu alikuwa akipenda kuimba nyimbo gani. Niliona aibu kumjibu. Mwanamke wa Kiunguja, Maskati, umri wake sabini na nne, na nyimbo anazozijua kuliko zote ni za Kijapani.

Ilikuwa hivi. Nilipokuwa na miaka minane na kaka kumi na mmoja, kazi ya baba ilimpeleka Japani, tukakaa miaka mitatu katika mji wa bandari ambako mama hakuwa na mtu wa kusema naye. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alimshika mkono akampeleka ukumbi wa mtaa, walikokuwa wakikutana wanawake kucheza karaoke ya maneno. Mashine inapiga wimbo, maneno yanapita kwenye televisheni, mara neno moja limefutwa, na anayeimba alitie mwenyewe. Karibu kila mara neno lililofutwa lilikuwa la msimu: maua ya mti fulani, vimulimuli, majani yanayopukutika, theluji. Nyimbo zao nyingi haziwezi kwisha bila kukueleza uko mwezi gani.

Mama hakujua kusoma maandishi yao. Alizishika nyimbo kwa sikio, akaziandika kwa herufi za Kiarabu, vile vile alivyofundishwa chuo cha Kurani Unguja kuandikia barua za Kiswahili. Daftari lake lilikuwa na jalada la kijani, na alilipanga kwa misimu anayoijua yeye. Nyimbo za maua alizitia katika masika, za joto katika kiangazi, za majani mekundu katika vuli, na za theluji katika kipupwe. Baba alimwambia kipupwe cha Unguja hakijapata kumuua mtu. Mama akamjibu kwamba kila mtu na baridi yake.

Tuliporudi Maskati mchezo ukarudi nasi. Huku misimu yetu ni mmoja na nusu, joto, na joto linalopumzika, lakini kila Ijumaa baada ya chakula, kahawa ikishamiminwa, mama alikuwa akiimba mstari na kukata kabla ya neno la msimu. Unayetazamwa ulitie. Ulikuwa unapewa pumzi tatu, naye alizihesabu kwa kugonga meza kwa kidole. Kanuni zake mbili hazikuwa na mjadala. Ya kwanza, anayemjibia mwenziwe ataosha vikombe vyote vya kahawa. Ya pili ilitokana na baba, aliyekuwa akijibu ovyo ili atolewe akalale. Mama alisema kushindwa kwa makusudi hakuhesabiwi, akamrudisha mchezoni mpaka aimbe sawasawa.

Nadhani utotoni mwangu wote niliosha vikombe mimi. Sikuweza kumwona mtu anatafuta neno ninalolijua nikanyamaza. Kaka alikuwa akifanya makusudi kusitasita, macho kwenye dari, akijua nitaropoka tu.

Basi nililitoa daftari sandukuni. Niliketi na mama tukaanza na masika, na ajabu ikatokea: sauti ilitoka. Haikuwa na maneno, ilikuwa mvumo tu, lakini wimbo ulikuwa ule ule, haukupotea njia hata mara moja. Nililia mbele yake bila kuficha. Siku ya pili tulirudia, na ya tatu, na wiki ikapita, tukamaliza masika, tukamaliza kiangazi. Kila tukifika mahali pa neno mvumo ulikuwa unakatika, midomo inacheza, anavuta pumzi, na mimi namtilia. Nilijiambia namsaidia. Nilijiambia akilisikia mara nyingi litamrudia.

Tukamaliza na vuli. Mwezi wa sita ulikuwa umebakisha siku chache.

Ijumaa hiyo kaka alinikuta nimeshika daftari, mama jasho linamtoka kipajini ingawa AC ilikuwa inafanya kazi. Alinivuta jikoni. Alisema nimemfanya mama mtoto wa darasa la kwanza, kila siku mtihani, kila siku anaanguka mbele ya binti yake mwenyewe. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Yeye hakupandisha sauti.

"Muache mama apumzike," alisema. "Pengine yamekwisha. Sisi ndio hatutaki kukubali."

Nilimwambia nna siku chache zimebaki na sitampa hata moja. Nikarudi mezani na kahawa, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, nikafungua kipupwe.

Wimbo wa mwisho katika daftari ni ule alioupenda mama kuliko yote, wa mtu anayengoja kituo cha treni na theluji inaanguka. Neno linalokosekana ni *yuki*, theluji yenyewe. Niliimba mstari. Mama alivuma pamoja nami, taratibu, macho ameyafumba, tukafika pale. Nikanyamaza. Midomo yake ilijikusanya. Pumzi ya kwanza. Nilimwona kabisa analiendea lile neno, uso wote unalivuta. Pumzi ya pili. Kaka alikuwa ameshika kikombe hewani hakukinywa. Sikungoja ya tatu. Nilisema "yuki."

Mama akafumbua macho. Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, akagonga meza mara moja kwa kidole, akanielekezea jikoni.

"Vikombe," alisema.

Alilisema safi, kwa sauti yake ile ile ya Ijumaa zote, kavu kidogo, haina huruma. Kaka aliweka chake mezani mbele yangu. Mimi nilivikusanya vyote, vitatu tu, nikaenda navyo jikoni nikavisugua mpaka vidole vikaniuma, huku nalia na kucheka. Miezi sita nilikuwa namwomba Mungu neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la kunitoa mchezoni.

Nilirudi mbio. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia mama, sema tena. Nikamwambia niite mimi. Alinitazama, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Tulikaa hivyo mpaka maghrib, kaka akaondoka bila kuaga.

Nitasema nilichofanya, kwa sababu kila mtu angefanya. Siku ya pili nilipika kahawa, nikaimba wimbo ule ule, na tulipofika pale nikamjibia haraka, makusudi, kisha nikakaa na macho yangu kwenye mdomo wake. Hakunyanyua mkono. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya nne nilisukuma vikombe mbele yake, nikamwambia nimeshindwa, mama, nimekujibia, si unaona? Alitikisa kichwa, pole pole, kama alivyokuwa akimtikisia baba. Kisha akagonga meza. Nianze upya.

Ndipo nilipofahamu kwamba haikubaki njia nyingine. Nikitaka kumsikia, sina budi kunyamaza kweli, na ninyamaze nikijua kwamba huenda ukimya huo usiishe. Mwezi wa sita ulikwisha. Wa saba ukaja ukapita, na huu ni wa nane. Hospitali wameniambia kwa upole kwamba nisijitese. Sijapata kuogopa kitu maishani kama ninavyoogopa mahali pale wimbo unapokatika, kwa kuwa neno ninalo, liko mdomoni mwangu, na ningeweza kumpa.

Kaka bado anakuja Ijumaa. Hanambii tena nimuache. Anakaa, anashika kikombe chake, hakinywi.

Jana niliimba mpaka pale nikanyamaza. Pumzi tatu zilipita, na mama hakugonga, basi na mimi sikuhesabu kuwa zimepita. Midomo yake ilijikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena. Nilijiuma ulimi mpaka nikaonja damu. Kahawa ilipoa mezani, adhana ya alasiri ikaanza na ikamalizika, naye bado anatafuta, na mimi sikumjibia.