Jumatatu za Bwana Uhakika

Mafundi tunawajua. Akikwambia kesho, hesabu wiki. Akikwambia wiki ijayo, katafute kingine. Ila huyu fundi wa televisheni hakuwa hivyo. Kwa miaka ishirini na sita, siku aliyoitaja ndiyo siku uliyochukua chombo chako, kinafanya kazi na kimepanguswa vumbi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Uhakika, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Basi sikiliza alivyolichafua kwa mikono yake mwenyewe.

Siku hiyo aliingia mwanamke mmoja, mshonaji wa sare za shule, amekumbatia mashine ya zamani ya video, na begani amening'iniza mfuko wenye kanda kumi na mbili.

"Fundi, hii ni ya baba," alisema. "Imeanza kutafuna kanda. Anataka kuitazama tamthilia yake ya majasusi mara ya mwisho. Daktari amesema macho yake yanakwenda, na hayarudi. Mwezi mmoja, pengine usifike. Nakuomba unifanyie haraka."

"Ondoa shaka, dada. Njoo Jumatatu."

Na kazi yenyewe haikuwa kazi. Mpira mmoja wa kuzungusha kanda ulikuwa umelegea. Akaubadilisha, akasafisha ndani kwa pamba na spiriti, saa moja haikuisha. Lakini fundi makini haiamini mashine ya video mpaka aiache itembee, maana inaweza kutulia dakika kumi kisha ikala kanda ya mtu. Akachukua kanda ya kwanza kwenye ule mfuko wa mshonaji, akaichomeka, akarudi kwenye redio aliyokuwa anaiunga waya.

Masikio yakamponza. Kwenye kioo kulikuwa na majasusi wawili, mwanamume na mwanamke, wametumwa kuishi nyumba moja wakijifanya mume na mke. Barazani wanashikana mikono ili majirani waone. Wakifunga mlango, kila mtu na kiti chake, wanagombana hata juu ya nani kaacha taa inawaka. Kisha mwanamke akapigwa risasi ya bega, na yule mwanamume, alipokuwa anamfunga kitambaa, akampuliza kidonda kama mtoto aliyeanguka. Mwanamke naye akageukia dirishani. Kanda ikaishia hapo, na fundi akashtuliwa na harufu: chuma chake cha kuungia waya kilikuwa kinaunguza meza.

Sasa mfahamu mtu mwenyewe. Nyumbani, mkewe akitazama tamthilia za mapenzi, yeye ndiye wa kwanza kubetua midomo. "Mtu mzima unalilia watu wanaoigiza," humwambia. Mkewe alishamzoea. "Wewe mume wangu moyoni una waya tupu," humjibu, na kuongeza sauti. Angemwona siku ile! Aliteremsha mlango wa karakana nusu, mchana kweupe, akachomeka kanda ya pili.

Jumatatu ikafika, na mshonaji akafika. Fundi alikuwa kwenye kanda ya nne: mwanamume ametekwa, na mwanamke amemwapia mkubwa wake kwamba hana hisia zozote kwa mwenzake. Mashine ilikuwa nyuma ya pazia, nzima kabisa.

"Bado kuna kifaa nakisubiri, dada."

"Kitafika lini?"

"Jumatatu."

Mshonaji hakuuliza mara mbili, kwa sababu aliyesema ni Bwana Uhakika. Alisema tu, "Sawa. Baba ananiuliza kila jioni," akaenda zake. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakamwaka. Akajiambia: kanda moja tu, halafu nampelekea mwenyewe. Moja ikawa tatu. Jumatatu ya pili alisema kifaa kimekuja lakini sicho. Jumatatu ya tatu alimwona dada kwa mbali anavuka barabara, akaingia chini ya meza, mwanamume wa miaka hamsini na nne, magoti kwenye vipande vya waya, akimsikiliza anavyobisha hodi kistaarabu na kuondoka.

Alipomaliza kanda ya kumi na mbili alilia, akajifuta kwa kitambaa cha kazi, akajipaka grisi uso mzima. Kisha, na hapa sijui nimteteeje, akarudia ya kwanza.

Wiki ya tano aliibeba mashine mwenyewe mpaka nyumbani kwa mshonaji. Katika chumba cha mzee, kiti kilikuwa kimesogezwa karibu na televisheni hadi magoti ya mzee yanaigusa.

"Asante kwa kuja mwenyewe, fundi," mshonaji alisema. "Ila tangu Alhamisi baba haoni hata mwanga wa dirishani."

"Wewe weka tu," mzee alisema. "Nitasikiliza. Binti yangu atanisimulia."

"Baba, mimi hata sijui nani ni nani. Na sare za watu zinanisubiri."

"Basi fundi atakaa kidogo. Au una haraka, bwana?"

Angekataaje? Mshonaji akaenda kwenye cherehani chake chumba cha pili, kanda ikaanza, na fundi akasimulia. Tena alisimulia vizuri, akasahau hata aibu yake.

"Wako barazani, mzee, wameshikana mikono. Mwanamke amekaza shingo. Sasa wanaingia ndani, mwanamume anabamiza mlango."

Ndipo mlango ukasikika ukibamizwa kwenye televisheni. Mzee akageuza uso.

"Wewe umeshaiona hii."

"Nimeiona, mzee."

"Yote?"

"Yote. Mara mbili."

Cherehani kikanyamaza.

"Na mashine ilipona lini?"

Ulimi ulikuwa umeshazoea habari za kifaa, na kwa mara ya kwanza ukagoma. "Siku ile ile aliyoileta," fundi alisema.

Mzee akaurudisha uso kwenye televisheni.

"Siku ile," alisema, "nilikuwa naona mpaka vifungo vya gauni la binti yangu."

Fundi alitamani atukanwe, angalau angepumua. Akasimama ajiondokee. Mkono wa mzee ukapapasa hewani mpaka ukaupata mkono wa shati lake, ukaukamata.

"Unakwenda wapi? Aliyeiona ni wewe. Kaa hapa uniambie mwanamke amevaa nini."

"Gauni la kijani, mzee," fundi alisema, akaketi tena karibu yake.