Banjo ya Shingo Ndefu na Ngozi ya Beberu

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni sababu ya kuficha. Nikikuta unywele kwenye wali, nimeshiba. Kikombe kikinuka dagaa, chai hiyo siinywi hata kama nimekaribishwa na wakwe. Mke wangu husema ningezaliwa hospitali nikabaki hukohuko, nisisumbue watu. Anayetaka kuelewa yaliyonipata kwa sababu ya banjo aanzie hapo.

Nauza vipuri vya pikipiki mjini Morogoro, na jioni nikifunga duka napiga banjo, kile kigitaa chenye tumbo la kuwambwa ngozi kama ngoma. Ile ya kwanza nilipewa na padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, ambaye miaka yote alikuwa ameitundika ukutani bila kuigusa. Nilijifunza mwenyewe, kwa kukosea. Nikaanza kuimba nyimbo za kwetu Uluguru, za palizi, za kutwanga, za kushuka na mizigo, na watu wa mjini wakawa wananiita kwenye sherehe zao. Wanapiga makofi pale pasipostahili, lakini wanasikiliza.

Nyimbo zote nilizitoa kwa mama. Yeye anakaa Matombo, kwenye nyumba ileile tuliyokulia, na migomba ileile nyuma. Tatizo ni kwamba nilizitoa nusunusu. Tukiwa shambani, mama alikuwa akinitangulia kwenye mteremko, anaimba amenipa mgongo, na beti za mwisho zilikuwa zinaishia mbele huko nisikoweza kuzishika. Siku zote nilijiambia nitakwenda kukaa naye aniimbie zote. Nikachelewa, kama watu wanavyochelewa.

Kisha kwaya ikamnyamazisha. Mama ameimba kanisani tangu usichana wake. Alivyozeeka sauti yake ikashuka, ikawa nzito, na mimi naipenda zaidi hivyo. Akaja mwalimu wa kwaya mpya, kijana mwenye kinanda chenye midundo ya kubonyeza, kile ambacho ukikiwasha kinapiga ngoma peke yake na wewe unabaki kupunga mikono. Akamwambia mama mbele ya wenzake, "Bibi, sauti yako imekuwa besi. Ama ukae na wanaume, ama upumzike." Wanakwaya wakacheka. Mama akavua kitambaa cha sare, akakikunja, akakiacha kwenye benchi.

Tangu siku hiyo hakuimba tena. Hata akipukuchua mahindi, kimya. Dada yangu anayeishi naye alinipigia simu akaniambia nyumba imekuwa kama ina mgonjwa. Nilichukia. Nilimchukia yule kijana, nikachukia kinanda chake, na mpaka leo nikisikia ile midundo ya kubonyeza naondoka. Mama ameshakuwa mtu mzima sana. Akiondoka na zile beti, hakuna pa kuziuliza.

Nikapanda Matombo na banjo yangu, nikakaa naye kibarazani, nikapiga wimbo wa palizi taratibu ili nimvute. Akaguna mstari mmoja. Nikaona midomo inataka. Lakini banjo yangu ilikuwa inalia juu, yeye yuko chini. Nikalegeza nyuzi ili nimfuate, zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo, zikabaki kugongagonga tu. Mama akasema, "Baba, hicho chako kinalia kama kifaranga. Mimi siwezi kukipandia huko."

Hapo ndipo nilipopata wazo la shingo ndefu. Shingo ya banjo ikirefushwa, nyuzi nazo zinarefuka, na sauti inashuka bila nyuzi kulegea. Zipo zinazotengenezwa hivyo nje, nimeziona kwenye simu. Hapa kwetu hakuna duka litakalokuuzia. Inabidi ukachongeshe.

Mjini kuna fundi seremala mmoja anayechonga vitanda na majeneza, na akipata nafasi anachonga magitaa ya makanisa. Karakana yake ilinitia kinyaa tangu mlangoni. Alikuwa anakula muhindi wa kuchemsha juu ya jeneza ambalo halijapigwa rangi, punje zinamtoka mdomoni zinaangukia kwenye gundi. Akitaka kujua kama uzi umekaza, analamba kidole kwanza, kisha anaudonoa. Kidole hichohicho akakirudisha kwenye muhindi. Nikaangalia pembeni.

Lakini kuchonga alijua. Nilimweleza nikitakacho, akachora kwa chaki sakafuni, akapima mkono wangu, akaniuliza nani ataimba. Nikamwambia mama yangu, mtu wa Matombo. Akaacha kutafuna.

"Wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Nilimtajia kwa maringo, maana kwa sisi Waluguru ukoo wa mama ndio ukoo wako, na wa kwetu ni mkubwa. Ndilo kosa lenyewe. Yule bwana akajipiga kofi pajani, akacheka mpaka punje zikamtoka puani, akasema, "Kumbe mtumwa wangu! Umejileta mwenyewe!"

Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Maana yake anaweza kunitukana, kunivua kofia barabarani, kuja msibani kwetu akalala kaburini na kudai hatoki mpaka apewe kuku, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye umeshindwa, na habari itafika kijijini kabla yako. Mtu mwenye akili akitaka kazi ya maana hamtajii fundi ukoo mpaka akishaichukua. Mimi nilitaja kwanza.

Akanipigia simu nikaichukue. Harufu niliipata kabla sijaona chochote, nikiwa bado nje, upande wa pili wa mtaro. Kama hujawahi kukaa karibu na beberu aliyekomaa, yule anayejikojolea ndevu ili majike wampende, sitakueleza ukaelewa. Ni harufu inayoingia kinywani. Fundi alikuwa amewamba banjo yangu kwa ngozi ya beberu, na hakuchagua beberu wa hivihivi. Manyoya alikuwa ameyaacha kuzunguka ukingo wote. Na kwenye kichwa cha shingo, juu ya vigingi vya kukazia nyuzi, alikuwa amening'iniza ndevu za beberu huyo, nzima, zimefungwa kwa uzi mwekundu.

"Uliagiza shingo ndefu," akasema, "nikaona isikae bila ndevu. Msalimie mama. Mwambie nimempatia mkwe."

Vijana wa karakana walikuwa wamejipanga kusubiri nitakavyofanya. Nikacheka. Nilicheka huku nimebana pumzi, machozi yananitoka, nao wakadhani ni ya furaha. Nikamwomba abadilishe ngozi. Akasema ngozi ya utani haivuliwi na aliyeivisha, niivue mwenyewe kama naweza. Anajua siwezi. Ngozi iliyokwisha kuwambwa na kukauka ukiigusa ovyo inapasuka, na pete inayoibana inapinda.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba banjo ilikuwa nzuri. Shingo ya mninga, imenyooka, inateleza mkononi. Nilipokaza nyuzi na kuipiga, sauti ilitoka chini kabisa, nene, ikanigusa kifuani. Nilikaa nayo pale nimechukia na sitaki kuiweka chini.

Nyumbani mke wangu hakuiruhusu ipite mlangoni. Nikaisugua na ndimu. Nikaisugua na majivu. Nikaiweka juani, jua likaichemsha harufu ikapanda. Mwisho nikaifukiza udi, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya kuliko zote, beberu aliyejipulizia manukato ya harusini. Ndevu nilizikata nikazitupa shimoni, na mikono niliosha mpaka ngozi ikawa nyeupe. Usiku wa kuamkia safari sikula.

Lakini nilikwenda. Dada alikuwa amenipigia tena, akasema mama sasa hata kusalimu hasalimu, anaitikia kwa kichwa. Kwenye gari la kupanda Matombo nilifunga banjo ndani ya magunia mawili, na bado abiria wakauliza ni nani amepakia mbuzi chini ya kiti. Nikauliza na mimi.

Nilimkuta mama amekaa jikoni, lile jiko la nje la udongo, anachambua mbegu za maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa kichwa. Nikafungua magunia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwomba radhi kwa ile harufu, lakini alinyanyua uso kabla sijayasema. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa makusudi, kitu ambacho mimi nisingekifanya hata kwa kulipwa.

"Nani kakuwambia ngozi hiyo?"

Nikamtajia ukoo wa fundi. Mama akacheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mtani kakuweza," akasema. "Ila hajui alichofanya. Ngoma yetu ya ndani ilikuwa inanuka hivihivi." Kisha akaniambia, "Piga."

Nikapiga wimbo wa palizi, chini kabisa banjo inakofika. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Huo hautaki, akasema, huo wanaujua wote, kwaya imeshauchukua ikautia maneno mengine. "Hapohapo chini, lakini polepole. Kama mtu anayetembea na mzigo kichwani." Nikapunguza. Akafumba macho, akaimba.

Sauti ilikuwa haijapotea. Ilikuwepo yote, nzito, kama imekaa inasubiri. Nilitaka kulia. Halafu nikaanza kuyasikia maneno.

Mama alikuwa kungwi. Hilo nililijua, kama mtoto wa kiume anavyolijua, kwamba kila mwali alipotolewa mama alikuwa anatoweka na wanawake wenzake ndani ya nyumba moja, na sisi wavulana tunafukuzwa mpaka ng'ambo ya kijito. Sasa nilikuwa nasikia kilichokuwa kinaimbwa mle ndani. Sitayaandika. Mambo ya mume na mke, kwa majina yake, na mwilini mwa mwanamume kila kitu kimetajwa na kuchekwa, na yanatoka kwenye kinywa cha mama yangu mzazi. Masikio yaliwaka moto. Ile harufu niliyokuwa nimeshindana nayo mjini ikawa si kitu. Kinyaa kilinipanda kutoka miguuni, kinyaa cha aibu, ambacho hakina ndimu wala majivu.

Nikaacha kupiga. Naye akaacha. Akafumbua macho, na nikaona uso wake unaanza kufunga tena, kama ulivyokuwa nilipoingia.

Nikaendelea.

Nyimbo hizo haziimbwi juu, mtu wa nje asisikie. Zote ziko chini, ndiyo maana banjo ya kifaranga haikuzifikia. Na zilikuwa nyingi, zimefuatana, kila moja ina beti zake za mwisho. Nilichongesha banjo ili nipate nyimbo za mama, na nyimbo nimezipata, na hakuna sherehe, hakuna mtu, hakuna siku ambayo mimi nitaweza kuziimba. Hata dada yangu sitaweza kumuuliza kama anazijua.

Jirani, mwanamke wa makamo ya mama, alizisikia kutoka kwake, nyuma tu ya jiko, akaja mbio, kanga imemlegea. Alipofika mlangoni akaniona, akasimama, akaweka mkono mdomoni.

"Dada! Na huyu mwanamume?"

"Huyu leo ni ngoma," mama akasema. "Ngoma haisikii. Kaa uitikie."

Yule jirani akaniangalia, akaangalia banjo, akakunja pua. Kisha akavuta kigoda, akakaa. Mimi nikageukia ukutani, nikapiga.