Kifurushi Yatima

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi huko Rombo mpaka macho yalipomwishia. Presha ya macho, walisema hospitalini, na wakasema pia kwamba tumechelewa. Mwili wake ulikuwa bado na nguvu. Alikata majani ya ng'ombe kwa kupapasa, aliujua kila mgomba wa kihamba chake, shamba linalozunguka nyumba, mahali uliposimama, na mtori wake haukubadilika ladha. Alichokikosa ni kusoma. Aliniambia giza lenyewe analiweza, ila hawezi kukaa mchana kutwa kama gunia la mahindi, anasubiri mtu aje amsomee.

Mimi natengeneza kompyuta mjini Moshi, katika chumba kidogo nyuma ya soko. Nikafufua laptopu moja ya zamani, nikaweka ndani yake programu ya kusoma maandishi kwa sauti, nikampelekea. Sauti ile ilikuwa ya mwanaume. Ilitokana na mtu halisi, aliyerekodiwa mahali fulani akisema Kiswahili kilichonyooka, na ilitamka neno "ng'ombe" kama tunavyolitamka sisi wenye ng'ombe. Shangazi alipoisikia mara ya kwanza alinyoosha mgongo kitini.

"Huyu amepita chuo cha ualimu," akasema.

Tangu siku hiyo akamwita "mwenzangu". Vidole vyake vilizoea vitufe upesi kuliko nilivyotegemea, akaanza kuandika habari za mfongo, ule mfereji wa wazee uliokuwa ukishusha maji kutoka msituni hadi vihambani: nani waliuchimba, zamu za maji zilipangwaje, watu waligombania nini, na mwishoni aje aeleze jinsi ulivyoanza kukauka. Akimaliza sentensi, mwenzake anamsomea. Akisikia kosa, anarudi kulisahihisha. Nikipanda kumtembelea, nilikuwa nawasikia tangu nje ya ua.

"Hapana, hapo umenisoma vibaya," anamwambia, na kumbe kosa ni lake mwenyewe.

Masika moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, laptopu ikafa. Mwanawe aliyeko Dar akamtumia nyingine, mpya. Nikapanda Rombo kuiandaa, nikiamini ni kazi ya asubuhi moja. Niliweka kila kitu, nikahamishia maandishi yake ya mfongo kutoka diski ya ile iliyokufa, kisha nikaitafuta ile sauti kwenye ghala la intaneti tunakochukua programu. Haikuwapo. Nikatafuta kwa jina lingine, nikaandika upya nikidhani nimekosea herufi. Mwisho nikafika kwenye ukurasa wenye mstari mmoja tu: kifurushi hiki ni yatima, kimeondolewa.

"Yatima?" shangazi akauliza niliposoma kwa sauti. "Nani amekufa?"

Ikabidi nimweleze. Programu za aina hii ni huria: mtu anaziandika, anaacha maandishi yake wazi, yeyote ayachukue. Ila maandishi hayo kompyuta haiwezi kuyatumia yalivyo. Lazima mtu mwingine ayachukue, ayajenge yawe programu kamili, ayafunge pamoja na vitu vyote yanavyovihitaji, ayaweke ghalani. Hicho ndicho kifurushi. Watu wa kufunga vifurushi wengi hujitolea. Mmoja akichoka na asipatikane wa kumpokea, kifurushi kinabaki yatima, na baada ya muda kinatolewa.

Alifikiri kidogo. "Ni kama kahawa, basi. Imebaki mbuni, na maganda yake, haina wa kuikoboa."

"Ndiyo, shangazi."

"Si ukoboe wewe?"

Nilimwambia nitajaribu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa Kichaga, "Aika mae," kana kwamba kazi imekwisha.

Nilikuwa nimewahi kufunga vifurushi vidogo vya wateja wangu. Maandishi ya ile sauti nikayapata bila shida, nikaanza kuyajenga dukani, katikati ya simu zilizopasuka vioo na printa zilizokwama karatasi. Yalikwama mwanzoni kabisa. Yalidai kipande cha programu nyingine, na kipande hicho kilikuwa kimeshaachwa na kila mtu. Nikakitafuta, nikakijenga nacho. Nacho kikadai kingine cha zamani zaidi. Nikitengeneza kosa moja, skrini inajaa mistari mingine ya makosa, na mengine yalihusu mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Wateja walikuja wakanikuta nimekodolea macho skrini, wakaniuliza kama kompyuta zao zimepona.

Shangazi alipiga simu karibu kila jioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwenzangu ameamka?"

"Bado."

"Haya. Usimharakishe."

Nikamwandikia barua pepe yule aliyeiandika programu, mtu wa mbali nisiyemjua. Nilikata tamaa ya kujibiwa, kisha akajibu, na alijibu kwa upole. Alisema kazi ile aliifanya alipokuwa mwanafunzi, sasa anafanya mambo mengine kabisa na hakumbuki hata ilivyopangwa. Alifurahi kusikia kuna mama mlimani aliyeitumia. Mwisho akaandika: ichukue, ni yako. Nilisoma mstari huo nikajisikia kama mtu aliyekabidhiwa ng'ombe mgonjwa, na mwenye ng'ombe keshaondoka.

Hata hivyo ilifika siku ikajengeka. Mistari ilipita kwenye skrini mpaka mwisho bila kosa, nikapiga kelele, muuza vitenge wa jirani akachungulia kuona kulikoni. Sikuijaribu vya kutosha. Nilifunga duka, nikampigia shangazi kwamba naja, nikapanda Rombo mchana uleule.

Shangazi alikuwa amevaa kitambaa kizuri cha kichwa, kama anayekwenda kanisani. Nikaweka kile kifurushi kwenye kompyuta yake mpya, nikafungua maandishi ya mfongo, nikambonyezea kitufe. Sauti ikatoka. Ilikuwa yeye kabisa, yule mwalimu.

"Mfereji wetu ulianza," akasema, kisha, "ulia, ulia, ulia, ulia," akanyamaza.

Nikawasha tena. Akasema neno moja, akameza mawili, akakwama pale pale. Shangazi alikuwa ameweka kiganja juu ya kompyuta, kama anayempima mtoto homa.

"Anaumwa," akasema.

Nilikaa pale mpaka jua likazama, naye akikaa pembeni yangu, na baadaye akaniletea kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye bakuli. Kilipoa. Nilijua tatizo kabla sijakubali kulijua. Yale maandishi ya programu nilikuwa nayo yote, na ningeweza kuyarekebisha hata kwa miezi. Lakini sauti yenyewe ilikuwa imeshasagwa kwa ajili ya kompyuta za zamani, ikawekwa kwenye faili moja lisilofunguka. Ili kuisaga upya ilitakiwa ile rekodi ya kwanza, yule mtu akisoma sentensi zake moja baada ya nyingine. Nikamwandikia tena mtu wa mbali. Akajibu kwamba rekodi zilikuwa kwenye kompyuta ya chuo, na kompyuta ile haipo tena. Jina la aliyesoma pia halikumbuki.

Niliwaomba msaada wale wanaojitolea kulitunza ghala. Mama mmoja akanijibu kwa uangalifu mkubwa. Alisema hawawezi kukirudisha kifurushi ambacho nusu yake haina chanzo, na mwenye sauti hajulikani kama aliridhia. Ndiyo kanuni yao. Kilichoniuma ni kwamba niliiona kanuni hiyo ni ya haki. Ningekuwa mimi ndiye mlinzi wa ghala, ningejibu hivyohivyo.

Nilipomweleza shangazi, akasema, "Basi chukua yangu."

"Yako nini?"

"Sauti. Mimi nilifundisha kusoma maisha yangu yote. Nirekodi."

Nilijua inahitaji chumba kisichopitisha kelele, saa nyingi mno za kusoma, na utaalamu ambao sina. Tena asome nini, na macho hayaoni? Nilishindwa kumwambia. Nikatoa simu, nikawa namtamkia sentensi, naye anairudia polepole, kila silabi imesimama mahali pake. Ng'ombe akalia bandani. Tukaanza upya. Mvua ikapiga bati, tukasubiri ipungue, haikupungua. Alikohoa, akaomba radhi kwa simu. Alipochoka sauti ilikuwa imekauka, na tulikuwa na sentensi chache zenye mvua ndani yake. Hakupendekeza tena, nami sikurudia.

Ilikuwapo sauti nyingine ya Kiswahili, isiyotokana na mtu yeyote, mashine tupu. Hiyo ilifanya kazi vizuri. Nikamwekea. Ilikuwa nyembamba, inatoka kama mtu yuko ndani ya debe. Shangazi alijitahidi nayo. Alisema ni sawa, ni mgeni, atamzoea. Lakini masikio yake nayo si ya zamani, na aliniambia akiisikiliza kwa muda kichwa kinamgonga. Nilipopanda mara iliyofuata niliikuta kompyuta imefunikwa kitambaa kilichotariziwa, redio iko juu yake.

Sikuuliza. Yeye ndiye aliyeanza, tukiwa tunamenya ndizi.

"Yale ya mfongo," akasema. "Yachapishe hivyo yalivyo."

"Hayajaisha, shangazi. Hujafika kwenye kukauka. Uniambie kwa mdomo, niandike mimi."

"Wewe una duka." Kisu chake hakikusimama. "Na mimi siwezi kuandika nikikuambia. Mtu anaandika akijisikia mwenyewe."

Nilichapisha Moshi, nikazibana kurasa vizuri, nikampelekea Jumapili baada ya ibada. Alizipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole pembeni mwa karatasi, kisha akaziinua na kuzishusha, akipima.

"Ni nyepesi," akasema.

Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimekula.