Ndama Anayelia Siye Aliyepotea

Siku ile ya kijijini Ulemo, mwanangu, nikiikumbuka viganja hutoka jasho, na mimi si mtu wa kutoa jasho bure.

Soko la mazao lilikuwa limefunguliwa kwa watu binafsi. Kila mwenye lori alikuwa mnunuzi. Mzee Mkumbo, mnunuzi wa alizeti, aliniagiza makro, yaani amri za kompyuta zinazojiendesha: ukiingiza uzito kwenye jedwali, kompyuta iite programu ya kuandikia barua na kuchapa stakabadhi ya kila mkulima. Niliiandika Singida mjini kwenye kompyuta mpya, nikaijaribu mara mbili, nikaibeba kwa diski. Kompyuta ya Ulemo ilikuwa kuukuu. Ukienda kwa wenye chongo, wahenga walisema, vunja lako jicho. Mimi nilikwenda na yote mawili.

Wakulima foleni, magunia nje, wingu linapanda, na lori lilipaswa kushuka mlima Sekenke kabla ya utelezi. Bila stakabadhi hakuna gunia linalopakiwa. Nikabonyeza. Ikagoma: maktaba, yaani faili la amri inazoazima kwa programu nyingine, haionekani. Ikatia rangi mstari wa tarehe, ambao haukuwa na kosa hata chembe. Nikaufuta, nikauandika upya. Ikagoma. Nikaufuta tena.

"Mjukuu wangu wa mjini," akasema Mzee Mkumbo, "inasemaje?"

"Inakataa tarehe, mzee."

"Ya leo? Mbona wingu limeikubali."

Foleni ikacheka. Mimi nikaushika tena mstari ule ule.

"Ndama akilia zizini, unampiga?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Natazama mama yake yuko wapi."

"Basi tazama. Mvua haina adabu kwa wasomi."

Nikaisimamisha makro kabisa, maana ikikwama katikati orodha ya maktaba zake haifunguki. Nikaifungua. Moja iliandikwa MISSING, yaani haipo: maktaba ya programu ya barua, toleo jipya, ambalo pale halikuwapo. Nikaiondolea alama ya vema, nikaiweka alama hiyo kwenye toleo la zamani lililokuwapo. Nikahifadhi, nikabonyeza nimefumba macho. Printa ikaanza kukwaruza.

Gunia la mwisho lilipanda lori na matone ya kwanza.

Mwanangu, makro ikigoma usiuadhibu mstari uliotiwa rangi. Fungua orodha, tafuta kisichokuwapo. Iandikie kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote itakakokwenda. Tena ukiweza usiifunge na toleo lolote: programu iitwe kwa jina wakati wa kazi, iitike iliyopo.

Mungu akujalie kazi yako ipokelewe ugenini kama nyumbani. Na ukikwama, akuletee wa kukuuliza swali kabla ya mvua.