Mchoro Usio na Jina

Zamani mchoraji alikuchorea kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake huku mkiulizana habari za nyumbani. Siku hizi unapangwa foleni kwenye hema la tamasha la vitabu, na msichana mwenye saa anakuhesabia dakika.

Marcelin Gourdon, aliyefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha karatasi pale Angoulême, Ufaransa, alikuwa na vitabu kumi na sita vya picha vya mchoraji Aubin Lescarret, kila kimoja na mchoro wake wa kalamu. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu. Kupenda kusoma alijifunzia kwenye vitabu hivyo vya picha. Wakati huo Lescarret hakujulikana. Aliketi nyuma ya duka la vitabu, kahawa imepoa, akisubiri msomaji kama muuza mboga siku ya mvua. Alimchorea Marcelin bata, mara baiskeli, mara mama mkwe wake yeye Lescarret akiwa na masharubu.

Kisha Lescarret akavuma. Picha zake zikabandikwa ubavuni mwa mabasi, waziri akamvisha nishani. Wajanja wakawa wanapanga foleni, wanachorewa bure, na kabla ya jioni mchoro umeshauzwa. Ndipo akaanza kuandika jina la mtu juu ya kila mchoro, maana ulioandikwa "Kwa Josette" nani ataununua zaidi ya Josette?

Marcelin peke yake hakuandikiwa. "Wewe uuze?" Lescarret alimwambia. "Wewe hata gazeti la juzi hulitupi!" Hicho ndicho kilikuwa cheo chake duniani.

Januari ile kilipotoka kitabu cha kumi na saba, alikaa foleni kwa saa nne kwenye baridi, na kiti chake cha kukunja, akihofia jambo moja tu: kuulizwa jina.

"Mzee, sogeza kiti chako, unaziba njia," alisema jamaa mmoja mwenye mabegi matatu.

"Nimeanza kupanga foleni hii mama yako hajanunua kitanda."

Alipofika mezani, Lescarret hakuinua macho. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba. "Kwa nani?"

Marcelin akamsogezea kitabu. "Andika unalotaka."

"Jina, bwana. Watu wanasubiri."

"Basi andika kwa mama mkwe. Yule wa masharubu."

Kalamu ikasimama. Lescarret akavua miwani. "We mkorofi! Bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie."

Lescarret akacheka mpaka akakohoa. Msichana aliposema dakika zimekwisha, akamwambia akanywe kahawa. Akachora kiwanda kizima, mabomba ya moshi, mto, wanawake wakitoka zamu, nusu saa nzima, foleni ikinung'unika. Jina hakuandika.

Mara ya mwisho Marcelin kumwona ni pale alipogeuka mlangoni mwa hema: Lescarret anauchua mkono wa kulia kwa wa kushoto, na msichana keshamfungulia kitabu cha mtu mwingine.