Niliyewaonjea Waliofunga

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mosi Ramadhani. Nilivuka feri asubuhi, nikapita Ngome ya Yesu, nikaingia jiko la mkahawa mmoja Mji wa Kale. Bimkubwa, mwenye mkahawa, aliniuliza swali moja tu.

"Kadzo, wewe Mkristo?"

"Ndiyo, Bimkubwa."

"Alhamdulillahi. Basi utatuonjea."

Wapishi wote walikuwa wamefunga. Mpishi akihitaji, anaruhusiwa kugusa chakula kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini Mpishi Mkuu hakutaka hata hilo. "Ulimi wangu siuamini," alisema. "Utatema nusu, umeze nusu."

Basi kila alasiri nilizunguka na kijiko. Mbaazi huonjwa baada ya kutiwa kasimile, lile tui zito la kwanza. Shurba, uji wa ngano na nyama, huonjwa ikishapondeka. Saa hizo moshi na iliki vilijaa jikoni, na wenzangu walikwenda taratibu, bila maneno, kama watu wanaotembea ndani ya maji. Mimi pia nilijiona naelea.

Ramadhani yangu ya tatu jikoni hapo nilishikwa na mafua, ulimi ukawa kama ubao. Niliogopa kuachishwa kazi, nikanyamaza. Siku hiyo tulikuwa na sufuria kubwa ya shurba ya wazee wa msikitini, waliokuja kufuturu mkahawani.

"Vipi, mwanangu?" akauliza Mpishi Mkuu.

"Yataka chumvi kidogo," nikasema, nikaongeza. Nikaongeza tena.

Adhana ya magharibi ikatoka. Wazee wakala tende, wakanywa maji, wakavuta bakuli. Vijiko vikasimama hewani. Punde Bimkubwa akaja jikoni.

"Nani ameonja hii?"

Kabla sijafungua kinywa, Mpishi Mkuu akachota bakuli, akanywa yote, machozi yakimtoka. "Jiko ni langu, Bimkubwa," akasema. "Kosa la jiko ni langu."

Tulipobaki wawili nilimwambia kweli.

"Ulijua huhisi ladha?"

"Nilijua, Mzee."

"Kuumwa si kosa. Lakini sisi hatuna ulimi mwingine ila wako. Nenda ukalale. Nafasi yako haichukuliwi na mtu."

Nililala siku tatu. Niliporudi, mwosha vyombo alininong'oneza kwamba siku zote hizo Mpishi Mkuu alionja mwenyewe, kwa ncha ya ulimi, akitema na kusukutua, huku akisema astaghfirullahi kwa kila sufuria. Hakutaka aajiriwe mtu mwingine. Mwenyewe hakunitajia kamwe, nami sikuthubutu kumshukuru. Nilichoweza ni kutomdanganya tena, mpaka siku tuliyomzika.

Baadaye nilikuwa Mpishi Mkuu mimi, mwanamke wa Kigiriama, katika jiko la Waislamu. Sasa nimestaafu, nakaa Tononoka. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Moto siukumbuki, wala uzito wa masufuria. Nakumbuka ile robo saa kabla ya magharibi, chakula kimeshapakuliwa, hakuna la kufanya. Sote tulikaa sakafuni, mgongo ukutani, jua likiingia dirishani na kutulia juu ya miguu yetu. Nami, niliyekula mchana kutwa, nilisubiri pamoja nao.